Mafuta ya Turkana: kisima kilipatikana, njia ya kufika baharini ikakosekana

Tarehe 26 Machi 2012 Rais Mwai Kibaki aliwatangazia Wakenya kwamba kisima cha Ngamia-1, kwenye bonde la Lokichar kusini mwa Turkana, kimepata mafuta. Taarifa ya siku hiyo ilibeba tarakimu mbili za kiufundi: zaidi ya mita 20 za mwamba uliojaa mafuta, na mafuta mepesi ya zaidi ya nyuzi 30 kwa kipimo cha API, kinachopima wepesi wa mafuta. Kibaki mwenyewe alitahadharisha kwamba huo ni mwanzo wa safari ndefu, na kwamba nchi kwa kawaida huchukua zaidi ya miaka mitatu kufikia uzalishaji. Sehemu hiyo ya hotuba haikukaa vichwani mwa watu.

Tangu siku ile bei ya Brent, mafuta yanayotumika kama kigezo cha bei duniani, imekaa juu ya dola 100 kwa pipa, ikaporomoka hadi chini ya dola 30 Januari 2016, ikarudi na kukaribia dola 140 kwa muda mfupi Machi 2022. Vita, ugonjwa wa Korona na mizozo ya nchi wazalishaji vyote vimepita. Katika misukosuko yote hiyo Turkana haikuwahi kuuza mafuta kwa kiwango cha biashara. Yaliyotoka ni mafuta ya majaribio tu, na shehena yake ya kwanza iliondoka Mombasa Agosti 2019.

Wakenya wengi wamezoea kueleza mkwamo huu kwa njia mbili. Wapo wanaowalaumu wanasiasa na mikataba yao, na wapo wanaowalaumu wenyeji wa Turkana waliofunga barabara. Zote mbili zina ukweli kidogo, lakini hazifiki kwenye mzizi. Ukifuata tarehe na hesabu, mradi huu ulivunjika mgongo Aprili 2016, siku Uganda ilipoamua kupeleka bomba lake Tanga badala ya kulipitisha Lokichar hadi Lamu. Kilichofuata ni miaka ya kujaribu kuufanya mradi mdogo ubebe gharama iliyokusudiwa kubebwa na miradi miwili.

Habari za uchimbaji zinasomwaje

Kila mtambo wa kuchimba hutoa ripoti kila asubuhi. Ndani yake huandikwa kina kilichofikiwa, uzito wa tope linalozungushwa kisimani, aina ya vipande vya mawe vinavyopanda na tope hilo, gesi iliyoonekana, saa zilizopotea kwa hitilafu, na mabomba ya chuma yaliyoshushwa ili kuta za kisima zisiporomoke. Mhandisi akiusoma ukurasa huo anajua kisima kinakwendaje, lakini hawezi kujua kama kitaleta fedha.

Kinachofika kwenye magazeti ni kijisehemu cha ripoti hizo, tena kilichochaguliwa na kampuni yenye hisa sokoni. Tullow Oil, iliyokuwa ikisimamia kazi ya Lokichar, hisa zake ziliuzwa London. Africa Oil, mshirika wake, ni kampuni ya Kanada. Kila tangazo la kisima lilikuwa na msomaji wake wa kwanza, naye ni mwekezaji wa huko, wala si mfugaji wa kijiji cha Nakukulas anayeuona mnara wa mtambo kutoka malishoni. Sisemi kwamba matangazo yalidanganya. Yalisema kweli kwa lugha ya watu waliojua ni maswali gani yamebaki bila majibu. Huku kwetu yakasomwa kana kwamba majibu yote yamepatikana.

Chukua hizo mita 20. Ni unene wa mwamba wenye mafuta pale kisima kilipopita, na hapo tu. Haziambii mtu mwamba huo umeenea kiasi gani, mafuta yanapita ndani yake kwa urahisi gani, wala ni sehemu gani ya mafuta hayo itakubali kutoka. Baadaye Ngamia-1 ilipochimbwa hadi chini unene ulivuka mita 100, na shangwe ikaongezeka. Twiga South-1, kisima kingine, ilipojaribiwa mwanzoni mwa 2013 ilitoa mapipa 2,812 kwa siku, na hapo kweli tukaanza kujua kitu, kwa sababu mafuta yalionekana yakitiririka. Etuko, Ekales, Agete na Amosing zikafuata mpaka mwanzo wa 2014. Kwa muda mfupi ilionekana kana kwamba kila kisima kinachochimbwa Lokichar kinapata.

Nje ya bonde hilo moja, hali ilikuwa tofauti. Engomo-1, kaskazini zaidi, ilitoka kavu mwaka 2015. Emesek nayo kavu. Cheptuket, kwenye bonde la Kerio, ilionyesha dalili za mafuta mwaka 2016 bila kuleta hazina ya kuchimbika. Habari hizi zilipita kimya, nami nadhani ndizo zilizostahili kichwa cha habari. Matarajio ya awali yalikuwa kwamba Lokichar ni bonde la kwanza katika msururu wa mabonde yenye mafuta. Lilibaki peke yake. Makadirio yaliyotolewa mwaka 2021 yaliweka mafuta yaliyo ardhini kuwa karibu mapipa bilioni 2.8, na yanayoweza kutolewa kuwa milioni 585, yaani takriban moja ya tano. Hiyo si hazina ndogo hata kidogo. Lakini iko mahali pabaya.

Si kwamba mafuta hayo hayakujulikana kabisa kabla ya hapo. Shell ilichimba Loperot-1 katika bonde hilohilo mwaka 1992 na ikakuta mafuta yenye nta. Bei ya pipa wakati huo ilikuwa karibu dola 20. Kampuni ikafunga kisima ikaenda zake. Miaka ishirini baadaye mwamba ulikuwa uleule, ila soko lilikuwa linalipa mara tano.

Mafuta yanayoganda

Mafuta ya Lokichar ni mazuri kiwandani. Ni mepesi, yana salfa kidogo, na salfa kidogo ilikuwa na bei yake tangu meli za dunia zilipowekewa kanuni kali za mafuta mwaka 2020. Kasoro yake ni nta. Yakitoka kisimani ni ya moto na yanatiririka bila shida, lakini yakipoa hadi karibu nyuzi 40 za Selsiasi huanza kukaza. Kwenye chupa, ndani ya chumba chenye kiyoyozi, yanasimama kama samli ya asubuhi. Unaigeuza chupa na hayamwagiki.

Sasa fikiria bomba la zaidi ya kilomita 800 kutoka Lokichar hadi Lamu, limejaa mafuta ya namna hiyo, na umeme ukatike. Ndiyo maana bomba lenyewe lazima lifungwe kwa tabaka la kuhifadhi joto, liwe na nyaya za kulipasha moto njia nzima, na lifukiwe ardhini. Mafuta ya Uganda yana tabia hiyohiyo, na bomba la kwenda Tanga limesanifiwa kubaki na joto la karibu nyuzi 50 kwa kilomita zote 1,443. Kila kilomita ya bomba la moto inagharimu kuliko kilomita ya bomba la kawaida, na gharama hiyo hailegei bei ya soko inapolegea.

Weka hilo kando ya Ghana. Kampuni ileile ya Tullow na washirika wake walipata mafuta ya Jubilee mwaka 2007, baharini. Desemba 2010 yalikuwa yanazalishwa. Walileta meli ya kuzalisha na kuhifadhi mafuta, wakaitia nanga juu ya visima, na meli za wanunuzi zikawa zinakuja hapo hapo. Hapakuwa na bomba la kuvuka nchi, wala ardhi ya kufidia, wala daraja la kujenga. Miaka mitatu na nusu ikatosha. Waliotarajia Kenya iende kwa mwendo wa Ghana walilinganisha ukubwa wa mafuta wakasahau kulinganisha umbali.

Aprili 2016

Machi 2, 2012, wiki tatu na ushei kabla ya tangazo la Ngamia, Kibaki alikuwa Lamu pamoja na Salva Kiir wa Sudan Kusini na Meles Zenawi wa Ethiopia kuzindua mradi wa LAPSSET: bandari mpya, barabara, reli na bomba la mafuta. Kwa hiyo Ngamia ilipopatikana, ramani ilikuwa tayari imechorwa. Mafuta ya Sudan Kusini yangeshuka kuelekea Lamu, ya Uganda yangetoka Hoima yakapita Lokichar, na ya Turkana yangeingia njiani. Katika mpango wa namna hiyo Turkana ni abiria anayelipa nauli yake, si mwenye gari. (Sudan Kusini ilitumbukia vitani Desemba 2013, na mafuta yake yakaendelea kupitia Port Sudan.)

Uganda ndiyo iliyobaki kuwa nguzo. Yenyewe ilikuwa na mafuta yanayokadiriwa kufikia mapipa bilioni 1.4 yanayoweza kutolewa, zaidi ya mara mbili ya Lokichar. Agosti 2015 Rais Museveni na Rais Kenyatta walikubaliana kuhusu njia ya Hoima, Lokichar na Lamu, lakini Uganda iliweka masharti: usalama, upatikanaji wa fedha, na gharama ya chini kuliko njia nyingine. Oktoba mwaka huohuo Uganda ilitia saini makubaliano na Tanzania ya kuangalia njia ya Tanga. Mwezi Aprili 2016, kwenye mkutano wa viongozi uliofanyika Kampala, ikatangazwa rasmi kwamba bomba litakwenda Tanga.

Uganda haikufanya vibaya. Lamu iko karibu na mpaka wa Somalia, na mauaji ya Mpeketoni ya Juni 2014 yalikuwa bado mabichi. Bandari ya Lamu ilikuwa bado inajengwa. Gati lake la kwanza lilifunguliwa Mei 2021. Tanga ilikuwa bandari inayofanya kazi. Ardhi ya njia ya Tanzania ilikuwa rahisi kupata kuliko ya Kenya, ambako umiliki wa ardhi ni kesi juu ya kesi. Total, mshirika mkubwa wa Uganda, iliipendelea Tanga. Mtu anayelipia bomba kwa miaka ishirini ana haki ya kuchagua njia isiyomnyima usingizi.

Lakini kwa Turkana uamuzi huo ulibadilisha kila kitu, na hapa inabidi tupige hesabu. Mpango wa Tullow wa mwaka 2018 ulikuwa uanze na maeneo matatu, Amosing, Ngamia na Twiga, kwa mapipa milioni 210 na uzalishaji wa mapipa 60,000 hadi 80,000 kwa siku. Gharama hadi pipa la kwanza ilikadiriwa dola bilioni 2.9: bilioni 1.8 za visima na mitambo, bilioni 1.1 za bomba. Gawanya bilioni 1.1 kwa mapipa milioni 210. Unapata dola 5 na ushei kwa kila pipa, na hizo ni za kujenga bomba tu. Bado hujahesabu riba ya mkopo, na miradi ya namna hii hujengwa kwa mkopo. Bado umeme wa kupasha moto, walinzi, matengenezo, fidia, bandari. Bomba la Tanga, lenye mzigo mkubwa mara tatu hivi, lilikubaliwa kwa nauli ya dola 12.77 kwa pipa mwaka 2021. Ni vigumu kuamini kwamba Lokichar hadi Lamu, yenye mafuta kidogo zaidi, ingeshuka chini ya hapo kwa kiasi cha maana, hata kama njia ni fupi.

Wastani wa bei ya Brent mwaka 2016 ulikuwa karibu dola 44. Ukitoa nauli ya bomba, ukatoa gharama ya visima, ukatoa ya kupandisha maji na kuendesha mitambo, kinachobaki cha kugawana kati ya kampuni tatu, serikali, kaunti na wenyeji ni kidogo mno kumshawishi mkopeshaji. Mwaka 2018 wastani ulipanda hadi karibu dola 71, na ndio mwaka ambao mambo yalionekana kusogea. Mwaka 2020 ukarudi kwenye 42. Mradi ulioegemea bei ya namna hii haukuwa na nafasi ya kukosea popote.

Serikali ya Kenya iliitikia habari za Kampala kwa kusema itajenga bomba lake yenyewe. Ilikuwa kauli ya heshima ya taifa. Kilichohitajika ni mtu wa kuketi na kampuni, na Uganda, na pengine hata na Tanzania, na kuuliza swali lisilopendeza: je, mafuta haya yana njia nyingine yoyote ya kushirikiana gharama? Sikumbuki swali hilo kuulizwa hadharani kwa uzito. Oktoba 2017 ukasainiwa mkataba wa pamoja wa kuendeleza bomba la Lamu, tafiti zikaanza, na hesabu ikabaki ileile.

Malori manne kwa siku

Ili nchi ionekane inatembea, ukaja mpango wa majaribio wa kusafirisha mafuta kwa barabara. Tarehe 3 Juni 2018 Rais Uhuru Kenyatta alipungia bendera malori ya kwanza huko Lokichar. Yalikuwa manne kwa siku, jumla mapipa 600, yaani mapipa 150 kila lori. Mafuta yalipakiwa yakiwa moto kwenye matangi yaliyofungwa kwa tabaka la kuhifadhi joto, yakasafiri zaidi ya kilomita 1,000 hadi Changamwe, kwenye kiwanda cha zamani cha kusafisha mafuta ambacho kiliacha kusafisha mwaka 2013 na sasa kilitumika kama ghala. Huko matangi ya ghala yalilazimika kupashwa moto pia, la sivyo yasingetoka tena.

Thamani ya mzigo wa lori moja, kwa bei ambayo hatimaye mafuta yaliuzwa, ilikuwa karibu dola 9,000. Toa hapo dizeli ya kwenda na kurudi, mshahara wa dereva na msaidizi, ulinzi hadi kuvuka maeneo ya wizi wa mifugo, matairi yanayoliwa na barabara ya Kitale na Lodwar, umeme wa Changamwe. Hakuna aliyedai kwamba biashara hiyo inalipa. Ilielezwa kuwa ya kujifunza na ya kulitambulisha soko kwa mafuta ya Turkana, na kwa hilo ilifaulu: mnunuzi alipatikana, ChemChina, na mapipa 200,000 yakauzwa kwa dola milioni 12. Agosti 26, 2019, Rais alikuwa Mombasa kuiaga meli.

Mapipa 200,000 kwa malori ya mapipa 150 ni safari zaidi ya 1,300. Bomba lenye mapipa 80,000 kwa siku lingeileta shehena hiyo kwa siku mbili na nusu. Malori yalichukua mwaka mzima na zaidi, ikiwemo muda yaliposimamishwa.

Mwisho wa 2019 mvua kubwa zikapiga Pokot Magharibi, milima ikaporomoka, barabara na madaraja yakasombwa. Malori yakasimama. Mpango wote ukafungwa katikati ya 2020 bila sherehe yoyote.

Lawama kwa wenyeji

Nimesikia watu wazima wakisema Waturkana walijinyima wenyewe. Basi tuhesabu. Oktoba 2013 waandamanaji waliodai ajira na zabuni waliingia kwenye maeneo ya kazi, na Tullow ikasimamisha shughuli kwa takriban wiki mbili. Mwishoni mwa Juni 2018 wakazi wa Turkana Mashariki waliyazuia malori, mpaka mwishoni mwa Agosti yalipofikiwa makubaliano. Hivyo ndivyo vizuizi vikubwa viwili. Kwa pamoja havifiki miezi mitatu. Mradi umechelewa kwa zaidi ya mwongo mmoja.

Na madai yao yalikuwa nini? Mwaka 2018 kubwa lilikuwa usalama. Lori la mafuta lilikuwa linapita na askari mbele na nyuma katika eneo ambalo mama anayekwenda kuteka maji hana askari hata mmoja, na ambako wezi wa mifugo huua. Walisema hayo hayawezi kwenda pamoja. Mimi siwezi kuona kosa katika neno hilo. Kuna pia suala la maji. Mafuta ya Lokichar hayatoki vizuri bila kusukumiwa maji ndani ya mwamba, na mpango ulikuwa kuyatoa kwenye bwawa la Turkwel kwa bomba, katika kaunti ambayo watu hutembea nusu siku kutafuta ndoo. Ahadi ilikuwa kwamba vijiji vilivyo njiani vitapata maji kutoka bomba hilo. Bomba halikujengwa, na vijiji havikupata.

Mvutano mkubwa zaidi ulikuwa bungeni, kuhusu mgao. Mapendekezo ya awali yaliwapa wenyeji asilimia 10. Sheria ya Petroli iliyotiwa saini Machi 2019 iliwapa asilimia 5, kaunti 20, serikali kuu 75. Gavana Josphat Nanok alipigania asilimia ile ya kwanza kwa miaka, wakati mwingine kwa maneno makali dhidi ya Rais. Ulikuwa ugomvi wa haki, lakini uligawa fedha ambazo hesabu ya bomba ilikuwa imeshazila.

Washirika wanaondoka

Desemba 2019 Tullow ilipunguza makadirio ya uzalishaji wake Ghana, mkurugenzi mkuu Paul McDade akajiuzulu, na hisa zikaporomoka kwa zaidi ya nusu ndani ya siku moja. Kampuni yenye madeni makubwa haina subira na mradi wa baadaye. Mei 2020, dunia ikiwa imejifungia ndani na wiki chache baada ya mafuta ya Marekani kuuzwa kwa bei hasi, dola 37.63 chini ya sifuri, Tullow na washirika wakaiandikia serikali kwamba matukio yasiyozuilika yamewafanya washindwe kutimiza masharti ya leseni. Serikali ilikasirika. Barua ikaondolewa baadaye mwaka huohuo.

Mwaka 2021 mpango ukasukwa upya. Uzalishaji ukapandishwa hadi mapipa 120,000 kwa siku, bomba likapanuliwa, gharama ikawa dola bilioni 3.4. Ukiangalia kwa makini unaona ulichokusudia: kuongeza mapipa ili nauli ya kila pipa ishuke. Ni jibu sahihi kwa tatizo lililozaliwa 2016, lililokuja wakati benki nyingi za Ulaya zilikuwa zimeanza kukwepa miradi mipya ya mafuta, na wakati kampuni yenyewe haikuwa na fedha. Machi 2022 bei ilipopaa kwa ajili ya vita vya Ukraine, hakuna bomba lililokuwepo la kuikimbilia bei hiyo. Mei 2023 Africa Oil na mshirika wa tatu, TotalEnergies (ileile Total ya Uganda), wakajitoa, na Tullow ikabaki na asilimia 100 ya mradi ambao haikuweza kuujenga.

Total iliyojitoa Lokichar ndiyo iliyo na hisa kubwa kuliko wote kwenye bomba la Tanga, lililopitishwa kwa uwekezaji Februari 2022. Kampuni hiyo ilikuwa na mafuta yenye nta upande huu na upande ule wa mpaka, ikachagua upande wenye mapipa mengi.

Mwaka 2025 Tullow iliiuzia Gulf Energy ya Kenya mradi mzima kwa dola zisizopungua milioni 120, kwa awamu tatu. Tullow na wenzake walikuwa wametumia kiasi kikubwa mno kuliko hicho kuchimba na kutafiti. Mmiliki mpya anaanza na mzigo mwepesi wa ununuzi, na hilo ni jambo jema kwa mradi. Lengo lililotangazwa ni mapipa 20,000 kwa siku katika awamu ya kwanza, mafuta ya kwanza yakitarajiwa mwishoni mwa 2026, na usafiri utakuwa wa barabara.

Rudi kwenye lori la mapipa 150. Mapipa 20,000 ni malori 133 yanayoondoka Lokichar kila siku, moja kila dakika kumi na moja, usiku na mchana, na mengine 133 yakirudi matupu. Malori makubwa zaidi ya mapipa 200 yatapunguza idadi hadi 100. Yote yatapita barabara ileile iliyosombwa 2019, kupitia Kainuk, na kuingia kwenye msongamano wa Eldoret na Nakuru. Kama kuna sehemu ya safari itakayopelekwa kwa reli, bado lazima mafuta yafike relini.

Katika mikataba ya namna hii kampuni hujilipa gharama zake kwanza kutoka kwenye mafuta yanayouzwa, kisha faida inagawanywa, na asilimia 5 ya wenyeji inatoka kwenye fungu la serikali baada ya hapo. Kila dola inayoliwa na barabara inakatwa kabla mgao haujafika Nakukulas. Kwa hiyo tarakimu ambayo bunge la kaunti na wazee wa vijiji wanapaswa kuidai kutoka Nairobi, iandikwe na itangazwe kila mwezi kama pampu za mafuta zinavyotangaziwa bei, ni gharama ya kulifikisha pipa moja kutoka kisimani hadi melini.